Kiti cha Kutazama Nyuma

Gari likitaka kukuaibisha, huchagua siku ya soko. Abner Machogu alikuwa ameingia mjini Kisii kutoka Tabaka, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, suruali pana miguuni kama walivyopenda vijana wa mwaka ule wa sabini na moja. Nyuma ya gari alikuwa na vinyago vya mawe alivyochonga mwenyewe, kila kimoja kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba kisivunjike. Alipofika mbele ya duka la spea la mzee Joash Omwenga, gari likakohoa, likatikisika, likanyamaza katikati ya barabara.

Basi lililokuwa nyuma yake likapiga honi. Akina mama waliobeba vikapu vya ndizi wakasimama kutazama.

"Kijana!" mtu akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Hiyo ni gari ama kabati? Ondoa!"

Hakukosea sana. Lilikuwa Morris kuukuu, aina ile yenye mbao nyuma, na milango yake ya nyuma hufunguka kushoto na kulia kama ya kabati. Machogu alilinunua kwa mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao. Alijua kutia petroli na kushika usukani, basi. Alifungua boneti akatazama ndani kama mtu aliyefunua chungu katika nyumba ya wenyewe.

Ndipo Persis Kemuma akatoka dukani. Alikuwa amevaa gauni la njano lenye mikunjo kiunoni, kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo, na mkononi alishika spana.

"Rudi ndani," akamwambia. "Fungua swichi, lakini usipige stata."

"Dada, wewe ni fundi?"

"Mimi nauza spea. Fungua swichi."

Akafungua. Kemuma akainamisha sikio juu ya injini, hereni yake ikaning'inia.

"Haigongi," akasema.

"Nini haigongi?"

"Pampu ya petroli. Ikiwa nzima utasikia tik-tik-tik. Hii imelala." Akaigonga na spana, mara moja, kwa adabu. Tik-tik-tik-tik. "Haya, piga stata."

Injini ikawaka. Watu wakapiga makofi. Machogu akatoa kichwa dirishani, meno yote nje.

"Umeiponya kwa kuipiga?"

"Wanaume wengine pia huponywa hivyo," Kemuma akajibu. "Toka barabarani kabla hilo basi halijakupanda."

Wiki iliyofuata Machogu akasimamisha gari mbele ya duka tena. Kemuma akamwangalia kutoka kaunta.

"Leo ina ugonjwa gani?"

"Haina."

"Sasa?"

"Ndiyo maana nina wasiwasi. Ikikosa ugonjwa nitakuja kwa sababu gani?"

Kemuma akageukia rafu ya makopo ya oili ili asionekane akicheka. Mzee Omwenga, aliyekuwa akisoma gazeti pale pembeni, alimwona.

Urafiki ukaanzia kwenye ua wa nyuma ya duka, Jumapili mchana. Siku nyingine haikupatikana. Kemuma alikuwa Msabato, na Jumamosi yake ilikuwa ya kanisa na mapumziko. Machogu alikuwa Mkatoliki, na hata yeye hakuthubutu kugusa grisi kabla ya misa. Kwa hiyo Jumapili baada ya chakula alifika, akavua shati zuri, na Kemuma akafunga leso juu ya gauni.

Jumapili ya kwanza Machogu alichomoa kijiti cha kupimia oili, na kwa kukosa kitambaa akakipangusa kwenye suruali yake.

"Ni nyeusi kama masizi," akasema. "Hiyo ni vizuri?"

"Ni vibaya. Wateja husema ikiwa nyeusi hivyo na ukiisugua vidoleni inakwaruza, imwagwe yote."

"Wateja husema? Na wewe husemaje?"

Kemuma akatazama chini. "Abner, nikuambie kitu usicheke. Siku ile ya soko ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa injini."

"Unanidanganya!"

"Haki. Nakaa kaunta, nasikia mafundi wakibishana. Najua kila kitu kinaitwaje, na kikilia kinalia namna gani. Lakini kukigusa, sijawahi."

"Na ungeharibu gari yangu mbele ya watu wote?"

"Ilikuwa imekufa tayari. Maiti hauawi."

Machogu alicheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo wakawa wanafunzi wawili wa darasa moja. Yeye alikuwa na mikono ya mchongaji, inayojua bolti iko karibu kukatika kabla haijakatika. Kemuma alikuwa na masikio na majina. Wakajifunza kufungua plagi, kuzisugua masizi kwa brashi ya waya na kupima mwanya wake. Wakajifunza kwamba rejeta haifunguliwi ikiwa moto, na somo hilo Machogu alilipata kwa ngozi ya mkono wake, Kemuma akampaka samli huku akimtukana polepole kwa sauti tamu. Wakajua maungio ya magurudumu ya mbele lazima yapigwe grisi mara kwa mara, maana ya Morris yakikauka hukatika na gurudumu likalala chini kama ng'ombe aliyechoka.

Lakini Machogu, kama kila mtu anayeanza, alitaka mapambo kabla ya uzima.

"Nataka honi ya basi," akasema siku moja. "Na taa za njano mbele. Na mistari miwili myekundu ubavuni."

"Breki zako zinalia kama mbuzi, na wewe unataka mistari."

"Mistari inaonekana, Kemuma. Breki nani ataziona?"

"Utakayemgonga ataziona."

Mzee Omwenga akapaza sauti kutoka dirishani, "Sikiliza msichana! Tunza ulichonacho, ndipo uongeze." Machogu akanunua viatu vya breki, na honi ya basi ikabaki kwenye rafu.

Hata hivyo kulikuwa na mabadiliko mawili ambayo Kemuma aliyakubali. La kwanza ni kirungu cha giya. Kile cha zamani kilikuwa kimepasuka, Machogu akachonga kingine kwa jiwe la Tabaka, la waridi lenye mishipa myeupe, akakilainisha kwa maji na msasa mpaka kikawa laini kama yai. Alichonga viwili. Cha pili alimpa Kemuma, naye akakiweka kaunta kuzuia karatasi zisipeperuke.

La pili ni kiti cha nyuma. Vinyago vilikuwa vimeongezeka, na wanunuzi wa Kericho walikuwa wanataka vingi. Machogu akang'oa kiti chote cha nyuma, akatandika mbao, akaongeza jani moja la springi kila upande ili gari lisikae chini likibeba mawe. Kikabaki kiti cha dereva na kimoja cha abiria kando yake, karibu kabisa, giya katikati.

"Sasa utabeba nani?" Kemuma akauliza.

"Nitakubeba wewe. Nani mwingine ananihusu?"

Siku moja akiwa safarini, Machogu alipiga simu dukani kutoka posta ya Kericho. Mzee Omwenga alikuwa hatua chache tu, kwa hiyo Kemuma akajifanya anazungumza na mteja.

"Hallo, duka la spea."

"Kemuma wangu, unaendeleaje?"

"Ndiyo bwana, tunazo."

"Mzee yuko?"

"Yuko hapa hapa, bwana. Unataka ya gari gani?"

"Nataka kukwambia nimekukosa. Nimelala vibaya. Milima yote hii ya majani chai, na hakuna hata mmoja wenye gauni la njano."

"Hiyo ni shida ya kawaida, bwana. Hata hapa tunapata shida hiyo hiyo."

"Kweli? Na wewe?"

"Sana, bwana. Tangu Jumatatu."

Mzee Omwenga akakunja gazeti. "Mwambie huyo mteja," akasema, "kwamba hiyo spea haiuzwi kwa simu. Aje na wazee."

Kemuma akakata simu, uso wote unawaka.

Maneno ya mzee yalimkaa rohoni, kwa sababu yaligusa mahali panapouma. Machogu alisema mambo mengi matamu, lakini neno la ndoa hakuwahi kulitamka. Mara moja tu alimfikisha Kemuma karibu na kwao, upande wa Nyamira, kwenye njia panda inayoshuka mashambani. Mama yake Kemuma, mjane mwembamba aliyeheshimika sana kanisani, alikuwa amesimama pale akisubiri binti yake. Machogu alipomwona, aliruka nje, akafungua boneti, akatumbukiza kichwa ndani hadi mama alipoondoka. Kemuma alicheka njia nzima. Aliona ni aibu ya kijana tu, wala hakumweleza mama yake kijana yule ni nani. Mama naye hakuuliza.

Kisha ikaja Ijumaa ya mvua.

Machogu alikuwa anarudi kutoka Kericho, gari tupu, barabara ya udongo mwekundu inateleza kama sabuni. Karibu na Nyamira akawaona wanawake wawili wakitembea kwa haraka, vikapu kichwani, wakikimbiza jua wafike nyumbani kabla Sabato haijaingia. Mmoja alikuwa kijana, Tryphosa, binamu yake Kemuma. Mwingine alikuwa mama yake Kemuma.

Tryphosa akanyoosha mkono. Gari likapunguza mwendo. Halafu, mbele ya macho yao, likashika kasi likapita, na matope yakawarukia hadi kiunoni.

Jumapili ile Kemuma alirudi mjini akiwa kama radi. Machogu alipoingia dukani akitabasamu, shati jeupe, alimkuta amesimama nyuma ya kaunta na wateja watatu mbele yake. Hakungoja waondoke.

"Ijumaa ulipita barabara ya Nyamira?"

Tabasamu likamtoka. "Nilipita."

"Uliona watu?"

"Niliona."

"Ulimwona mama yangu?"

Mteja mmoja akaacha kuhesabu nati zake.

"Nilimwona," Machogu akasema.

"Ukamrushia matope! Mama alianguka kwenye mteremko baada ya wewe kupita. Goti limevimba kama boga. Amelala, hawezi kwenda hata jikoni. Na gari yako ilikuwa tupu, Abner! Tryphosa aliona, haikuwa na hata kinyago!"

Machogu akashtuka. "Ameanguka? Ameumia sana?"

"Usijifanye unajali. Niambie kwa nini hukusimama."

Machogu akatazama wale wateja. Kuna mambo ambayo mwanamume wa kwao hawezi kuyasema kaunta, tena kabla hajatuma mtu kuyasema kwa niaba yake.

"Siwezi kukueleza hapa."

"Basi usinieleze popote." Kemuma akachukua lile jiwe la waridi juu ya karatasi akalisukuma kaunta mpaka likamfikia. "Chukua. Upate la akiba."

Akalichukua. Aliondoka, na kwa mara ya kwanza akasahau kusikiliza kama pampu inagonga.

Jumapili zilizofuata ua wa nyuma ulikuwa mtupu. Kemuma aliuza plagi, akauza mikanda ya feni, akarudisha chenji isiyo sawa mpaka mzee Omwenga akamwambia akae chini. Kila gari lililopita na mngurumo wa Morris lilimfanya ainue kichwa, kisha ajichukie kwa kukiinua.

Siku moja Machogu mwenyewe akaingia. Amekonda. Hakuvaa shati jeupe.

"Habari ya duka."

"Nzuri. Unataka nini?"

"Bolti nane ndefu, na nati zake. Na bawaba."

"Za nini?"

"Za kiti. Narudisha kiti nyuma."

Kemuma akamfungia bolti ndani ya gazeti. Moyo ulimdunda kwa hasira. Huyu mtu, aliyekataa kumbeba mama yake, sasa anatengeneza kiti. Cha nani? Lazima kuna msichana mwingine, na msichana huyo ana ndugu wa kubebwa.

"Mama anaendeleaje?" Machogu akauliza, akiangalia sakafu.

"Mama gani?"

Akalipa, akatoka.

Jumamosi, baada ya kanisa, Kemuma alikuwa kwao akimkanda mama yake goti kwa maji ya moto. Machozi yakaanza kudondoka kwenye beseni bila yeye kuyaita.

"Goti ni langu," mama akasema. "Wewe unalilia nini?"

Kemuma akamwaga yote. Kijana, gari, Jumapili, jiwe, Ijumaa ya mvua. Mama akasikiliza hadi mwisho, mkono juu ya shavu. Kisha akafanya jambo ambalo Kemuma hakulitarajia. Akacheka.

"Mimi namjua huyo kijana tangu alipotia kichwa ndani ya injini kama kuku anayejificha mwewe," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe uniambie. Siyo kazi yangu kumtaja."

"Na bado unacheka, mama? Alikupita!"

"Kemuma, mji umekula akili yako. Hiyo gari ina viti vingapi?"

"Viwili."

"Kikapu na Tryphosa wangekaa wapi?"

"Nyuma, kwenye mbao."

"Na mimi?"

"Mbele. Mtu mzima hakai kwenye mbao."

"Mbele. Bega langu kwenye bega lake, na mkono wake kila akibadilisha giya unagusa goti langu." Mama akatikisa kichwa. "Na ensoni, ile haya ya mkwe na mama mkwe, iende wapi? Umewahi kuona mkwe anakaa hivyo na mama wa mke wake? Hata macho hatutazamani. Kama angenifungulia ule mlango, ningepanda, ningeshukuru, na ningejua moyoni kwamba huyu hana mpango wa kukuoa. Mimi ningekuwa mama mzee yeyote wa barabarani. Alinipita kama mkwe."

Kemuma akakaa na kitambaa mkononi, maji yanachuruzika.

"Lakini ulianguka, mama."

"Nilianguka kwa sababu Tryphosa alikuwa anamtukana huku ananivuta mkono. Akaniacha pale akaenda kuwaita watu. Kabla hawajaja, likaja lori la majani chai kutoka mbele, likageuza. Dereva akaniambia, 'Mong'ina, mama yangu, panda. Kijana mwenye gari la mbao amenisimamisha kule mbele, amesimama katikati ya barabara na mikono juu, anasema nisipokubeba hanipishi.' Sasa wewe niambie. Nani alinifikisha nyumbani?"

"Na hukusema!"

"Na wewe hukuniuliza. Uliuliza Tryphosa."

Jumapili Kemuma alivaa gauni la njano. Akachukua kopo la grisi dukani, kwa ruhusa ya mzee Omwenga, aliyekuwa ameshatabasamu kabla hajaombwa, akaenda Tabaka.

Nyumba ya Machogu ilijulikana kwa vumbi jeupe la mawe lililofunika hata migomba. Gari lilikuwa uani juu ya jeki na magogo. Miguu miwili ilitokeza chini yake.

"Maungio ya mbele umeyapiga grisi lini?" Kemuma akauliza.

Kichwa kikagonga chuma chini kule. Machogu akajiburuta nje, uso una oili, nywele zina vumbi.

"Kemuma?"

"Nimeuliza."

"Tangu... tangu uache kunikumbusha."

"Lingekulaza barabarani." Akaweka kopo chini. "Mama ameniambia kuhusu lori."

Machogu akainama, akaanza kupangusa spana iliyokuwa safi tayari. "Nilikuwa nimepunguza mwendo nisimame. Mguu ulikuwa kwenye breki. Halafu nikaona kile kiti kimoja, nikaogopa. Nikasema, nikimweka hapa nimempoteza binti yake. Matope sikuyafikiria. Hilo ni kosa langu, na goti pia, hilo ni langu."

"Ungeniambia."

"Ningesema nini mbele ya watu wa kununua nati? Kwamba nilimkimbia mama yako kwa sababu ni mama mkwe wangu, na mimi sijaleta hata mzee mmoja kwenu? Ungenicheka."

"Ningekupiga na spana kwanza. Halafu ningecheka." Akazunguka nyuma ya gari. "Nionyeshe hicho kiti. Nataka kuona kilichokukondesha."

Machogu akafungua milango ya nyuma, kushoto na kulia. Kemuma akasimama, akatazama, hakuelewa. Kiti kilikuwa kipana, kimeshonewa turubai na kujazwa sufi, kina mahali pa kuegemeza mikono. Lakini kilikuwa kimegeuzwa. Mgongo wake ulielekea kwa dereva, na aliyekaa hapo angetazama nje kwa milango ya nyuma, barabara ikimkimbia. Chini palikuwa na kibao cha bawaba cha kukanyagia wakati wa kupanda. Juu, kati ya kiti hicho na vile vya mbele, palikuwa na fimbo na pazia.

"Umekifunga kinyumenyume," akasema polepole.

"Sikukosea."

"Ni cha nani, Abner?"

"Mtu mwenye goti bovu atapanda kwa nyuma, hapiti karibu na mimi. Anakaa peke yake kama chifu. Mimi simwoni, yeye hanioni. Akitaka kwenda kanisani, akitaka kwenda hospitali, mvua inyeshe isinyeshe." Akapangusa mikono kwenye suruali, kama siku ile ya kwanza. "Hakuna mwanamume anayemtengenezea mama wa mtu kiti cha namna hii bila sababu. Wazee wangu wanakuja kwenu Jumapili ijayo, kama utakubali. Ukikataa nitakipeleka hivyo hivyo, akikalie nyumbani."

Kemuma akakaa kwenye kile kiti. Akatazama mbele, ambako kulikuwa nyuma: vumbi jeupe, migomba, mawe ya waridi yanayongoja kuchongwa.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Mbele, kando ya giya. Nani atanisikilizia pampu?"

"Leta lile jiwe langu," Kemuma akasema. "Karatasi zinapeperuka dukani."

Wazee walikwenda, wakakaa, wakasema waliyotumwa, na mambo yakatengenezwa inavyopaswa. Baada ya hapo, asubuhi moja ya jua, Morris likasimama kwenye njia panda ya Nyamira. Machogu alikaa kwenye usukani akitazama kioo cha mbele kama askari wa gwaride. Nyuma, Kemuma alimshika mama yake mkono, akampandisha, akafunga pazia, akaja kukaa mbele. Goti lilikuwa linakwenda kwa daktari Kisii.

Machogu akafungua swichi. Kimya.

Kemuma hakungoja kuambiwa. Akashuka, akafungua boneti, akagonga. Tik-tik-tik. Akarudi kukaa, na gari likaondoka likiteremka kati ya mashamba ya majani chai.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikiiambia barabara inayokimbia.

"Kemuma. Mwambie huyo anayeendesha, kiti ni kizuri."

"Amesema kiti ni kizuri," Kemuma akasema.

Machogu hakugeuza kichwa. "Mwambie nimeshukuru."

"Ameshukuru, mama."

"Mwambie pia apunguze mwendo. Kuna mama mmoja huko nyuma amebeba kikapu, anatukimbilia. Huyo si mama mkwe wake. Asimame ambebe."

Breki zilishika bila kulia hata kidogo.